Tulipeni hata siku tunayokataa kuingia mtoni

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie watu watatu: mwenye kambi ya rafti, afisa wa kampuni anayepanga kuwaleta wafanyakazi wenzake Sagana wikendi, na mwananchi anayevaa jaketi la kuelea akiamini kwamba kwa kuwa yeye amelipa, mto nao umelipwa.

Nitangulize ombi lenyewe, ili asiye na muda wa kumaliza barua hii asitoke mikono mitupu. Siku ambayo maji yamezidi kiwango, safari ifutwe bila mjadala, na sisi tunaofanya kazi majini tulipwe kibarua cha siku hiyo kama kawaida. Hiyo sehemu ya pili ndiyo yenye uzito. Ile ya kwanza kila mtu huikubali mdomoni, lakini haitekelezwi kwa sababu ya pili hakuna anayetaka hata kuisikia.

Mimi ni mkayaki wa usalama. Kwa asiyetujua, rafti ni boti la mpira lililojazwa upepo, hubeba watu sita hadi wanane na kiongozi wao akiwa ameketi nyuma na kasia. Mimi siko humo. Niko peke yangu kwenye kayaki, chombo chembamba cha plastiki, nimefungwa kiunoni kwa sketi ya mpira ili maji yasiingie. Hutangulia kushuka, nikajibanza mahali penye utulivu chini ya maporomoko, nikangoja. Rafti ikipita salama, napiga kasia kuelekea maporomoko yanayofuata. Ikipinduka, naokota watu. Nimeshaziona sura nyingi zikiibuka kutoka kwenye povu, za mameneja na za makarani, na kusema kweli hapo majini cheo hakionekani.

Wageni wengi hudhani hatari ya mto hupimwa kwa kutazama mawingu. Sagana kunaweza kuwa na jua la kuanika mahindi tangu asubuhi, na mto ukawa umepanda usiku kucha. Maji yetu hayatoki kwetu. Yanatoka kwenye misitu ya Mlima Kenya upande mmoja na safu za Aberdare upande wa pili, yakashuka na Ragati na vijito vya Nyeri mpaka hapa kwenye Thagana, ambayo ramani huiita Tana. Mvua ikipiga Karatina jioni, sisi tunaipokea tukiwa tumelala. Huko chini, kuanzia Masinga, mto una mabwawa makubwa yaliyofuatana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Huko kuna watu kazini wa kufungua na kufunga milango ya maji. Huku juu hakuna bwawa kubwa la kuzuia chochote. Mlima ukiachilia, tunapokea.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya mabasi kutoka Nairobi kufika, mtu wa majini huwa ameshafika ukingoni na kusoma. Anaangalia kijiti alichochomeka kwenye mchanga jana jioni, kama bado kiko nchi kavu. Anaangalia rangi. Anaangalia kinachoelea, maana vijiti vidogo na majani makavu vinamaanisha maji bado yanapanda na yanafagia kingo. Yakianza kushuka, takataka hizo hubaki zimekwama mchangani kwa mstari. Ananusa udongo mbichi. Na zaidi ya yote anasikiliza. Mto wa kawaida una mlio wake, mwembamba, wa juu. Ukifurika unaongeza mlio mwingine chini ya huo, mgongano wa mawe yanayosukumwa kwenye sakafu ya mto, ambao unaufikia kifua kabla haujafika sikioni. Ukiusikia huo, huhitaji kipimo kingine.

Mtu wa mjini ataniuliza: si maji mengi ndiyo raha yenyewe? Hapana, na naomba anivumilie nieleze, maana hapa ndipo wengi wanapopotea.

Mikondo mikali duniani kote hupangwa kwa madaraja, kuanzia la kwanza, ambalo ni maji yanayocheza tu, hadi la sita, ambalo hata mabingwa hulizunguka kwa miguu wakiwa wamebeba vyombo mabegani. Sehemu tunayopitisha wageni wengi hapa Sagana ni ya daraja la pili na la tatu, kisha kuna vipande vya la nne na zaidi kwa wanaojiweza. Lakini daraja si namba iliyochongwa kwenye mwamba. Poromoko la daraja la tatu mwezi Februari linaweza kuwa la tano mwezi Mei, na mawe ni yaleyale.

Kwanza, kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Pili, zile sehemu za utulivu nyuma ya mawe makubwa, ambako maji hugeuka na kurudi juu taratibu, sisi tukiziita edi, hufunikwa na kupotea. Edi ndiyo kituo chetu. Ndipo mkayaki anapongojea, ndipo rafti inapopumzikia, ndipo mtu aliyeanguka anapovutwa. Mto ukizifuta, hakuna pa kusimama. Aliyeanguka juu atasafirishwa kupita poromoko hili, na linalofuata, na linalofuata. Tatu, mawe yaliyokuwa yakionekana sasa yako chini ya maji. Maji yanayomwagika juu ya jiwe huzama, kisha ya juu hurudi nyuma kuziba pengo, na hapo hutokea shimo linalozunguka. Rafti ikiingia kiubavu hukwama na kutikiswa mpaka ipinduke. Mtu akiingia huzungushwa: anashuka, anapanda, anavuta pumzi moja ikiwa ana bahati, anashuka tena. Jaketi linamsaidia, lakini povu lile ni nusu maji nusu hewa, na hewa haibebi mtu.

Nne ni miti. Kingo zetu zimejaa mikaratusi, na kila masika mto hung'oa kadhaa na kuilaza popote. Maji hupita katikati ya matawi, mtu hapiti. Mimi naogopa mti uliolala mtoni kuliko poromoko lolote lenye jina la kutisha. Baada ya kila furiko tunalazimika kuutembea mto upya kwa miguu kabla ya kumwingiza mgeni, kwa sababu mto wa juzi haupo tena. Wachimba mchanga nao huuhamisha kila wiki, lakini hiyo ni barua nyingine. Na uchafu wa viwanda vya kahawa msimu wa mavuno ni barua ya tatu.

Sasa nisimulie kisa kimoja. Sitaitaja kambi wala kampuni iliyokuja, na sitafuti vita na mtu.

Ilikuwa masika. Lilikuja kundi la ofisi moja ya Nairobi, safari zile za kujenga timu, fulana za rangi moja na kaulimbiu mgongoni. Kiongozi wetu siku hiyo alikuwa mzee mmoja ambaye sote tuliofunzwa kayaki hapa tunamwita Mwalimu. Alikuwa ameshashuka ukingoni alfajiri. Aliporudi alisema maneno mawili tu, "Leo hapana," akaenda kutafuta chai.

Afisa aliyepanga safari, kijana mwenye adabu, wala sikumwona kama mtu mbaya, alianza kueleza. Walikuwa wamelipa mwezi uliopita. Bosi wao alikuwa njiani na alitaka picha. Bajeti ya mafunzo inaisha mwezi huu. Mwalimu akamjibu, "Kijana wangu, mto haujasoma bajeti yenu." Nilidhani imeishia hapo. Kumbe simu ilipigwa kwa mwenye kambi, ambaye hakuwa mtoni, hakuwa hata Sagana. Baada ya simu, tuliambiwa kwamba tutashuka sehemu fupi tu, na kwamba asiyetaka apishe wengine wanaotaka kibarua. Mwalimu alipisha. Kiongozi mwingine akachukua rafti yake. Mimi niliingia majini, kwa sababu watu wanane wakishashuka bila kayaki mbele yao hali inakuwa mbaya zaidi.

Poromoko la kwanza walipita wakishangilia. La pili rafti iliinama upande wa kushoto, ikasimama wima kwa muda ambao nilidhani itaamua kurudi, kisha ikajifunika. Nilihesabu kofia: saba. Ya nane haikuwepo. Alikuwa dada mmoja wa uhasibu, ambaye ukingoni alikuwa ameniambia anajua kuogelea, na sikuwa na sababu ya kutomwamini. Alikuwa chini ya rafti. Kiongozi alipanda juu ya rafti iliyopinduka, akavuta kamba, akaigeuza, na kofia ya nane ikatokea mbali kushoto, ikielekea kwenye mkaratusi uliolala.

Nilimfikia nikiwa tayari napiga kelele: "Shika nyuma! Shika kamba ya nyuma!" Mtu anayezama hashiki unapomwambia, anataka kukupanda. Alishika mkono wangu wa kulia, ule wa kasia, na kwa muda tulikuwa watu wawili tunaoelekea kwenye mti mmoja bila usukani. Nilimpigia ukelele mwingine kwa Kikuyu, ukelele wa mama kwa mtoto aliyechezea moto, na huo aliusikia. Akaachia mkono, akashika kamba. Tuliupita ule mti kwa umbali ambao mikono yangu ingeugusa. Mwenzangu ukingoni alirusha mfuko wa kamba, ule wenye kamba ndefu ya kuokolea ndani yake, ukatua begani kwa huyo dada, na tukavutwa.

Hakufa mtu. Kijana mwingine alipasuka mdomo na kuvunjika jino kwa mpini wa kasia la mwenzake, jambo ambalo hutokea kila mtu anapoachia kile kichwa cha kasia tunachowasihi wasikiachie hata wakianguka. Yule dada alikaa kwenye nyasi akitapika maji ya kahawia, halafu akaomba simu ampigie mamake.

Wiki hiyohiyo video ilikuwa mtandaoni, imewekewa muziki. Rafti inasimama wima, inajifunika, watu wanatawanyika, kisha inakatika kabla ya kuonyesha kofia saba. Chini yake maandishi ya kukaribisha wateja wajasiri. Nilisoma maoni: kila mtu alikuwa akimtambulisha rafiki yake, "twende." Dada yule alikuwemo kwenye video. Ilikuwa ni yeye akipotea, ila mtazamaji hawezi kujua.

Na Mwalimu? Hakuitwa kazini kwa muda mrefu baada ya hapo. Hakufukuzwa, maana hakuwa ameajiriwa. Sisi wengi ni vibarua, jina lako liko kwenye simu ya mtu, na simu hiyo inaweza kunyamaza. Alirudi kwenye shamba lake la mahindi. Aliyeona mto vizuri ndiye aliyelala njaa, na aliyeingiza watu ndiye aliyelipwa, mimi nikiwemo.

Hapo ndipo ulipo ubovu wenyewe, Mhariri. Tunalipwa kwa safari. Mto ukifurika wiki tatu za Aprili, ni wiki tatu bila unga, na karo ya muhula wa pili haingoji maji yapungue. Utamtegemeaje mtu wa namna hiyo aseme hapana mbele ya basi lililojaa? Kila kambi ina maneno mazuri ukutani kuhusu usalama kwanza. Lakini anayelipwa akisema ndiyo na kukosa akisema hapana ataanza polepole kuona ndiyo hata pasipokuwepo, tena kwa moyo safi, akiamini macho yake.

Majirani zetu wametatua sehemu ya jambo hili. Kwenye Zambezi, chini ya Maporomoko ya Victoria, makampuni ya rafti yana kipindi cha maji mengi ambapo huanzia chini zaidi ya korongo na kuacha sehemu za juu, na maji yakizidi hapo husimamisha safari kabisa mpaka yashuke. Mgeni aliyesafiri kutoka Ulaya huambiwa hivyohivyo, na hakuna anayempigia simu waziri. Jinja nako, nchini Uganda, Nile inatoka Ziwa Victoria, haishtuki usiku kama mto wetu. Wao shida yao imekuwa nyingine, bwawa la Bujagali, lililokamilika mwaka 2012, liliyazamisha maporomoko yaliyowalisha, na la Isimba likafuata mwaka 2019. Wakayaki wa kule waliohama na kuanza upya sehemu nyingine za mto nawaheshimu sana. Sisi maporomoko yetu bado tunayo. Tulichokosa ni mpaka.

Mpaka wenyewe si wa gharama. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ina vipimo vya kina kwenye mito hii ya Tana ya juu, na Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa. Namba hizo zingeweza kufika kwenye simu za viongozi wa rafti kila asubuhi. Lakini hata bila hizo, tungeweza kupaka mistari mitatu kwenye nguzo ya daraja, mahali ambapo kila mtu anaona akiwa barabarani: kijani, manjano, nyekundu. Maji yakiwa kwenye kijani, kila mtu anaruhusiwa. Yakifika manjano, wenye uzoefu tu, sehemu fupi, kayaki mbili badala ya moja. Yakigusa nyekundu, hakuna anayeingia, awe ni mtoto wa shule au mkurugenzi wa benki. Mistari ichorwe na viongozi wa kambi zote wakiwa pamoja, ili kambi moja isifunge na ya jirani ikachukua wateja wake. Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, inayotoa leseni kwa biashara za aina hii, iifanye kuwa sharti la leseni.

Aprili 2024 sote tuliona maji yanavyoweza kufanya. Mai Mahiu watu walisombwa wakiwa kitandani. Huko chini kwenye mto wetu huuhuu, Kona Punda karibu na Garissa, mashua iliyobeba abiria ilipinduka kwenye maji ya mafuriko na watu wakafa. Hao hawakuwa wakitafuta raha. Barabara ilikuwa imekatika na walitaka kufika. Ndiyo maana hunichoma kuona mtu mwenye hiari, aliyeletwa na basi zuri, akisukumwa kuingia kwenye maji yaleyale ili picha ipatikane.

Sisemi watu wasije. Waje! Mto ukiwa kwenye kiwango chake hakuna siku nzuri kuliko hiyo. Nimepitisha nyanya wa miaka mingi aliyekuja na wajukuu zake, akashuka akicheka mpaka mwisho, kisha akadai samaki mkubwa kuliko wa mtu yeyote mezani. Lakini ukija, kuna mambo machache uyaangalie kabla hujakanyaga rafti, na usione haya kuuliza.

Tazama kama kuna kayaki ya usalama majini na mtu ndani yake, siyo imeegeshwa ukingoni kama pambo. Mwombe mwenzako akushike jaketi mabegani akuinue. Likipanda mpaka masikioni, halijakazwa au si la kwako. Lililopauka na kuwa jembamba limeshachoka, lirudishe. Muulize kiongozi mfuko wa kamba uko wapi. Asipoweza kuugusa bila kutafuta, shuka. Ukianguka, lala chali, miguu mbele, vidole vya miguu vikionekana juu ya maji, na usijaribu kusimama kwenye maji yanayokimbia hata kama yanafika gotini tu. Mguu ukinasa katikati ya mawe, mkondo utakulaza kifudifudi na hakuna jaketi litakalokuinua. Wakati wa kusimama ni pale makalio yanapokwaruza mchanga.

Ukiona ukuta wa zege uliovuka mto, ule wa kugeuza maji kwenda kwenye mitambo ya umeme au mashambani, hapo toka majini mapema na utembee. Unaonekana mpole, maji yanateleza juu yake sawasawa bila kelele. Chini yake kuna shimo refu kutoka ukingo mpaka ukingo lisilo na mlango. Hilo nawaambia hasa vijana wa hapa nyumbani wanaoogelea huko wakati wa likizo, kuliko wageni.

Na ukiulizwa kama unajua kuogelea, jibu ukweli. Kuogelea kwenye bwawa la hoteli ambako miguu inafika chini ni jambo jema, lakini tuambie hivyo: "najua, miguu ikifika chini." Hatutakucheka. Tutakupanga katikati ya rafti na kukukumbuka.

Kuna jambo jingine ambalo wenye kambi wangeweza kulirekebisha kesho asubuhi bila shilingi. Maelezo ya usalama hutolewa kwa Kiingereza, tena kile cha haraka, cha kuiga, hata kama waliosimama mbele yetu wote ni watu wa Thika na Kerugoya. Watu wanatikisa vichwa, wanacheka mahali pa kucheka, na hawajashika kitu. Mimi nikipewa nafasi huwaeleza kwa Kiswahili, na amri nazirudisha mpaka waziimbe: piga mbele, piga nyuma, acha, shika kamba, inama ndani, wote kushoto. Amri lazima iwe fupi kuliko poromoko. Niliyoyaona na yule dada wa uhasibu yalinitosha: aliyejaa hofu husikia kwanza lugha aliyofokewa nayo utotoni.

Najua mwenye kambi ataniuliza pesa za kutulipa siku ya kufuta zitoke wapi. Nimefanya hesabu naye kichwani mara nyingi nikiwa nimekaa kwenye edi. Kundi la kampuni hulipa amana mapema. Iandikwe kwenye mkataba, kwa herufi zisizohitaji miwani, kwamba maji yakigusa nyekundu safari ya mtoni itahamishiwa tarehe nyingine, na sehemu ndogo ya amana itakwenda kwa watu wa majini kwa siku hiyo. Kundi bado litakuwepo kambini. Litakula samaki, litacheza voliboli, litavutana kamba, litatembea ukingoni na Mwalimu akiwaonyesha mto uliofurika kutoka mahali pa usalama, na nawahakikishia hiyo ni ziara watakayoisimulia. Wengi watarudi Januari maji yakiwa yametulia. Afisa aliyepanga safari naye atakuwa na karatasi ya kumwonyesha bosi wake, kwa sababu nilichogundua ni kwamba yeye pia huwa anaogopa mtu fulani.

Masika yanakaribia. Mistari mitatu kwenye nguzo inahitaji makopo matatu ya rangi ya mafuta, ngazi, mtu wa kuishika, na barua ya ruhusa kutoka kwa wenye daraja. Ngazi ipo kwa jirani. Rangi tumeshachangishana vibarua, na iko nyumbani kwangu chini ya kitanda. Barua ya ruhusa tumeiomba, hatujajibiwa.

Mkayaki wa usalama,
Sagana, Kirinyaga.
(Jina nimekupa, Mhariri, lakini naomba lisichapishwe, bado nahitaji simu yangu iite.)